Warina Asali Wanasoma Nini?

Huku Uingereza ninakoishi, mtu anaweza kuwa na mizinga miwili nyuma ya nyumba na rafu nzima ya maandishi ya nyuki. Jarida la Bee Craft linatoka tangu 1919. Chama cha taifa cha wafugaji nyuki, cha tangu 1874, nacho kina gazeti lake. Kwenye mikutano ya chama cha wilaya yetu nimeona wazee wakibishana juu ya makala ya mwezi uliopita hadi chai ikapoa. Ambaye hajaisoma hunyamaza.

Mrina asali wa Sikonge, kule Tabora, Tanzania, mwenye mizinga mia porini huenda hajawahi kushika jarida hata moja la nyuki, na sisi wa ughaibuni hukimbilia kumhurumia. Mimi sina haraka hiyo. Waingereza wanasoma kwa hofu. Utitiri wa varroa uliingia kwao 1992. Nyigu wakali kutoka Asia wakaonekana mara ya kwanza 2016. Halafu kuna baridi: asiyejua ni lini awape nyuki maji ya sukari, baridi ikiisha atakuta mzinga umekufa. Maelezo hayo yamfae nini mtu wa miombo? Yeye hutundika gogo mtini, kundi likaja lenyewe, na ukame ukizidi likahama lenyewe. Kinachomuumiza ni mchuuzi anayekuja na ndoo yake na bei yake.

Mabwana nyuki, yaani maofisa wa ufugaji nyuki, wanasoma, maana Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Hata jarida la kuwafaa wafugaji wa nchi kama zetu lipo, la Bees for Development, shirika lililoanzishwa 1993 lenye makao Monmouth, Wales. Ila ni la Kiingereza. Sheria yetu ya Ufugaji Nyuki ya 2002 nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Basi maarifa yanafika ofisini kwa bwana nyuki yakatulia hapo, yakingoja pikipiki ipate mafuta.

Zamani habari za biashara kati ya Tabora na pwani zilikwenda kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyefikisha pembe za ndovu Bagamoyo alirudi kwao Unyanyembe, Tabora, akijua bei za pwani. Siku hizi zinapita WhatsApp, na kwa sauti zaidi kuliko maandishi: mtu anarekodi dakika tatu, kijiji kinasikiliza.

Hapo ndipo ningeanzia kumfikishia mrina maarifa. Kwa kanuni za soko la Ulaya, asali kwa kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, na ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega maji huwa mengi. Habari hiyo inaenea katika ujumbe mmoja wa sauti, kwa Kiswahili au Kinyamwezi, na inamhusu mrina kuliko utitiri wa Waingereza.

Nami ningependa kusikia kutoka kwake mti gani huchanua baada ya upi, kuanzia Sikonge hadi Inyonga. Wale wazee wa chai iliyopoa wangelipia kulisoma hilo.