Deni kwa Aliyejeruhiwa

Hukumu ikisha kusomwa mahakamani, watu wawili hushika njia mbili. Mhalifu huenda gerezani, na huko serikali humlisha, humvika, na humpa dawa akiugua. Sioni ubaya katika jambo hilo, maana mfungwa naye ni mtu. Aliyejeruhiwa hurudi nyumbani na jeraha lake, na hapana amwulizaye kesho atakula nini. Hili la pili ndilo linalousumbua moyo wangu.

Katika mtaa niliokulia alikuwako fundi cherehani mmoja. Usiku mmoja wanyang'anyi walimvamia wakamkata mkono wa kuume. Mmoja wao alikamatwa akafungwa miaka mingi, na majirani wakasema kuwa haki imetendeka. Lakini mkono haukupona sawasawa. Cherehani iliuzwa ili kulipa gharama ya matibabu, na watoto wawili wakaacha shule kwa kukosa karo. Haki ile haikuleta hata kibaba cha unga katika nyumba yake. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Watu wa kale walilitambua jambo hili. Katika sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 3,700 iliyopita, mnyang'anyi asipokamatwa, mji na mkuu wake walipaswa kumlipa mtu mali aliyonyang'anywa. Na kama mtu aliuawa, jamaa zake walilipwa fedha. Kwetu pia, makabila mengi yalilipa damu kwa mifugo, na mifugo hiyo ilikwenda kwa waliofiwa. Serikali zilipotwaa kazi ya kuadhibu, kosa lilihesabiwa kuwa ni kosa juu ya dola, na faini ikaingia katika hazina. Aliyeumia akabaki shahidi tu katika kesi yake mwenyewe.

Bibi Margery Fry wa Uingereza, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea hali ya wafungwa, alidai katika miaka ya 1950 kwamba umma uwalipe fidia watu walioumizwa na wahalifu. Alifariki mwaka 1958 kabla ya kuona matunda ya shauri lake. New Zealand ilitunga sheria ya fidia hiyo mwaka 1963, na Uingereza ikaanzisha mpango wake mwaka 1964.

Labda msomaji atauliza: serikali haikushika panga, kwa nini ilipe? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Serikali imetukataza kulipiza kisasi, na imetutoza kodi kwa ahadi ya kutulinda. Ahadi iliyovunjika huzaa deni. Wala si lazima mzigo wote umwelemee mlipa kodi: mwaka 1984 Marekani iliunda mfuko unaojazwa hasa kwa faini za wahalifu waliohukumiwa katika mahakama za serikali kuu. Mwingine atasema kuwa jicho halina bei. Kweli, halina; lakini fimbo ya kipofu ina bei, dawa ina bei, na karo ya mtoto wake ina bei.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda haki na hali ya waathiriwa wa makosa. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2014, ikampa mwathiriwa haki ya kudai fidia kwa mhalifu, na ikaunda mfuko wa kuwasaidia walioumia. Fidia ya mhalifu ni kisima kikavu ikiwa mhalifu ni fukara au hakuonekana kamwe. Hapo mfuko ndio tumaini la mnyonge. Lakini ghala husifiwa kwa nafaka iliyomo, si kwa uzuri wa mlango wake. Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa mahakimu na wabunge, na karibu nyote mtakuwa walipa kodi. Siku mtakapoulizwa kama haki imetendeka, msitazame mlango wa gereza peke yake; tazameni pia jiko la aliyejeruhiwa, kama moto unawaka.