Albamu zangu 5 kali za roki na metali mwaka 2024

Mwaka ndo huo unayoyoma, na kila mtu anashusha orodha yake ya bongo fleva, singeli na amapiano. Mimi kama kawaida niko kwenye kona ya magitaa. Hapa Mwanza ukivaa fulana nyeusi yenye maandishi yasiyosomeka utaulizwa kama umejiunga na Freemason. Poa tu. Tunaanzia chini.

5. Judas Priest, Invincible Shield. Wazee wa Birmingham. Rob Halford alitimiza miaka 73 mwaka 2024 na bado anapandisha sauti hadi unamwonea wivu. Hamna jipya sana, ila magitaa yanakata kama wembe. Nzuri kwa kupanda kilima cha Bugando asubuhi.

4. Caligula's Horse, Charcoal Grace. Waaustralia hawa wamebeba upweke wote wa kipindi cha korona. Inauma taratibu. Isikilize usiku, taa ikiwa imezimwa.

3. Blood Incantation, Absolute Elsewhere. Nyimbo 2 tu, kila mmoja kama dakika 20! Niliwasha wa kwanza kivuko cha Kamanga kikiondoka, ukaisha bado tuko majini. Mngurumo, halafu ghafla vinanda laini kama ziwa alfajiri, halafu radi tena.

2. Lord Spikeheart, The Adept. Jirani yetu wa Kenya, yule wa kundi la Duma. Ni mayowe na kelele za mashine, na ndani yake anamuenzi Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau. Anayesema metali ni ya Wazungu, mpe hii.

1. Opeth, The Last Will and Testament. Waswidi. Ni hadithi ya familia baada ya Vita Kuu ya Kwanza: baba tajiri kafa, watoto wamekaa wanasomewa wosia, na kila aya inafumua siri. Nyimbo zimepewa namba za aya badala ya majina, isipokuwa ule wa mwisho. Mikael Åkerfeldt karudisha mngurumo ambao haukusikika kwenye albamu zao tangu ile ya 2008, na masikioni mwangu ni marehemu mwenyewe anaongea.

Mzee wangu alifariki mwezi Machi. Hakuacha wosia. Tulipoanua tanga, kikao cha ukoo kikakaa, na kiwanja ambacho mama alikuwa anakilima miaka yote kikaitwa mali ya ukoo. Mama alikuwa palepale kwenye mkeka, hakuulizwa hata neno. Shauri la mirathi bado liko mahakamani.

Sijasikia wimbo wa redioni uliokaa ndani ya chumba cha namna hiyo, watu wa damu moja wakitazamana kama wageni. Hii albamu imekaa humo mwanzo mwisho. Dada yangu, ambaye huuita huu muziki wa mashetani, alinikuta naisikiliza nikamsimulia. Akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa mwishoni nani alirithi?" Nikampa hedifoni moja.

Haya, leteni orodha zenu. Na anayeona namba 2 ilistahili kuwa namba 1, aje tubishane kistaarabu.