Wazimamoto Wasio na Mushahara

Ukiuliza nani anazima moto katika kartie zetu za Goma, usitafute kwanza motokari nyekundu. Tafuta jirani mwenye bidoni.

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimesimama karibu karibu juu ya mawe ya Nyiragongo. Moja ikishika moto kule Birere, avenue nzima iko hatarini. Nimeona mara nyingi vile watu wanafanya: mumoja anapiga kelele, wamama wanapitishana bidoni za litre 20, vijana wanabomoa nyumba inayofuata hata kama haijaungua. Moto ukikosa chakula unakufa.

Lakini nani anakubali nyumba yake ibomolewe? Baba mumoja wa kwetu alisimama mulangoni na panga, akakataa. Wazee wakamwambia mbele ya watu wote: "Tutakujengea." Akatoka. Moto uliishia pale, na kiisha tulimujengea kweli.

Moto wa mulima, huo hauzimwi na bidoni. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ziwa Kivu, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa nyumba. Siku chache nyuma, kituo cha mafuta kililipuka karibu na lava ingali na moto, watu wakiwa wanachota mafuta, makumi wakafa. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka ule watoto wengi walipotezana na wazazi katika kukimbia, na wajitoleaji wa Musalaba Mwekundu walisaidia kuwarudisha kwao. Hata hiyo ni kazi ya kuzima moto.

Ninyi wa machimbo, mabanda yenu ni ya miti na hema, na mafuta ya mashine yanalala ndani. Kaeni pamoja jioni moja, mujiulize: Nani atapiga kengele? Maji na muchanga viko wapi? Mafuta yatawekwa mbali wapi? Banda gani litabomolewa, na nani atalijenga tena? Swali hili la mwisho ndilo linaleta ugomvi siku ya moto. Mulijibu mapema, na hakuna atakayesimama mulangoni na panga.