TV "Yenye Netflix Ndani": Mama wa Msamvu Alivyopiga Hesabu Gizani

Wadau, kuna mama mmoja pale Msamvu, anauza maji, karanga na ndizi za milimani kwa abiria wa mabasi. Mwezi uliopita zamu yake ya upatu ilifika. Wako wanawake 14, kila mmoja anatoa elfu hamsini, kwa hiyo alikabidhiwa laki saba taslimu, akazifunga kwenye kanga na kwenda nazo nyumbani kwa miguu huku akigeuka nyuma kila hatua kumi.

Hela ile ilikuwa na kazi yake tangu zamani. TV.

Sababu ni mwanawe wa kiume, yuko darasa la tatu. Kila jioni alikuwa anakwenda kwa jirani kuangalia katuni. Siku moja akarudi mapema, akakaa juu ya ndoo nje ya mlango, kimya. Alipobanwa ndio akasema kwamba mama wa kule kamwambia, "Kwani kwenu hakuna TV? Kila siku wewe tu." Mtoto hakulia. Aliuliza swali moja, "Mama, sisi tutanunua lini?" Mama akajibu karibuni, halafu akaingia ndani kujifanya anatafuta chumvi.

Sababu ya pili hakumwambia mtu. Mumewe ni bodaboda wa pale pale stendi. Siku hizi anarudi saa tano usiku, akiulizwa anasema kulikuwa na mpira kwenye kibanda umiza. Mama akajisemea moyoni, TV ikiwepo ndani, mpira utaangaliwa nyumbani na nyumba itakuwa na watu.

Akaenda mjini dukani. Muuzaji, kijana mchangamfu, akamshika kwa maneno. "Mama, achana na hizo za kizamani. Hii inchi 43, Netflix imo ndani, na miezi mitatu unaangalia bure. Ukifika nyumbani unawasha tu." Bei laki sita na elfu themanini. Rimoti yenyewe ina kitufe kimeandikwa Netflix kabisa. Mama akauliza, "Na Simba na Yanga wamo humo?" Kijana akacheka, "Mama yangu, humu kuna kila kitu."

Hapo ndipo mama akashtuka kidogo. Mtu wa stendi anajua, mpiga debe akikuambia basi linafika kila mahali, uliza tena. Akasema, "Ngoja nikaongee na baba watoto," akaondoka na kanga yake.

Kabla ya kufika kwa baba watoto alipita kwa fundi wa mtaani, kijana anayetengeneza redio na TV kwenye kibanda cha mabati. Fundi akaacha waya, akamwambia, "Shangazi, kaa hapa nikueleze taratibu."

Akaanza na kile kitufe. Kitufe ni njia ya mkato tu, hakina maana kwamba kuna kitu kimelipiwa. Netflix inafika Tanzania tangu Januari 2016, na ni huduma ya kulipia kila mwezi. Ile miezi mitatu ni chambo. Ikiisha, unaweka kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, hela inakatwa yenyewe kila mwezi. Usipolipa, unabaki na TV nzuri na kitufe cha kubonyeza bila majibu.

Halafu intaneti. Hapa fundi alichukua kipande cha boksi akaandika. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, na picha kali ya HD mpaka GB 3 kwa saa. "Mtoto akiangalia saa moja, na wewe saa moja, hiyo GB 2 kwa siku, tena kwa picha ya kawaida. Kwa mwezi GB 60. Wewe GB moja unanunua shilingi ngapi?" Mama akasema elfu mbili na chenji. Fundi akazidisha, akamgeuzia boksi. Laki moja na ishirini kwa mwezi.

Mama alikisoma kile kipande mara mbili. Kodi ya chumba chao ni elfu sitini.

Fundi hakutaka kumdanganya upande wa pili. Alimwambia bando la mwezi linashuka bei ukilinganisha na la siku, na nyumba yenye faiba au kifaa cha wifi cha kulipia mwezi mzima, hesabu yake ni nyingine kabisa. Watu wa hivyo TV ya namna ile inawafaa, wala hawajakosea. "Ila wewe shangazi unarusha intaneti kutoka kwenye simu, na simu yenyewe ndiyo ya baba watoto, anaondoka nayo saa kumi na moja alfajiri."

Na mpira? Ligi Kuu yetu iko Azam TV. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo Simba na Yanga huwapati Netflix hata ulipie kifurushi kikubwa namna gani.

Mwisho akampa la kuondoka nalo. Programu iliyomo ndani ya TV inazeeka kabla ya TV yenyewe. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Kioo kizima, sauti nzima, ila huduma haipo. Na wala si Netflix peke yake. Hapa kwetu Agosti 2018 wangapi waliamka wakakuta chaneli za bure kama ITV na Clouds hazipo tena kwenye king'amuzi cha Azam au DStv, baada ya TCRA kusema leseni zao haziruhusu? Dishi lile lile, king'amuzi kile kile. "Chombo ni chako, shangazi. Kinachopita ndani ya chombo kina mwenyewe."

Usiku ule LUKU ilikuwa imeisha. Mume alifika saa tano kama kawaida, akamkuta mkewe kakaa na tochi ya simu ya zamani na kile kipande cha boksi. Mama akamwambia yote: laki saba, TV, Netflix, fundi, laki na ishirini. Akamalizia, "Mimi nilitaka uwe unaangalia mpira hapa hapa, baba watoto."

Mume alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mama watoto, si mpira."

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, wateja wake wengi wa Dar hawashuki tena Msamvu. Kule stesheni kuna vijiwe vya wenyewe. Tairi la nyuma limeisha, mvua ikinyesha anaogopa kubeba mtu. Kuna siku anapata elfu tatu, mafuta yakitoka anabaki na ya mboga tu. Kwa hiyo akikosa anakaa kibandani mpaka watoto walale, ili asiulizwe na mtoto kaleta nini. Mara nyingine halipi hata kiingilio, anakaa nje anasikiliza kelele za ndani.

Giza lilisaidia. Mwanaume wa watu asingeyasema hayo mchana.

Mama hakusema pole wala hakugomba. Aliuliza tu, "Tairi bei gani?"

Jumamosi walienda wote wawili. Si kwa yule kijana wa mjini, walimchukua fundi akawasindikiza. Wakanunua TV ya kawaida ya inchi 32 kwa laki mbili na elfu themanini, ina sehemu ya kuchomeka flashi na ina HDMI. Fundi alisisitiza hiyo, maana siku wakipata intaneti ya maana watachomeka kifaa cha pembeni, na kifaa kikizeeka kinatupwa chenyewe bila kuitupa TV. Wakachukua na dishi la Azam. Iliyobaki ikaenda kwenye tairi, cheni, na ada ya mtihani ya binti yao mkubwa.

Je, baba sasa anakaa nyumbani? Siku za Simba, ndiyo, tena anapiga kelele mpaka majirani wanagonga ukuta. Siku nyingine bado anachelewa, ila sasa anasema ukweli kwamba amekosa, na mama anaupokea ukweli huo pamoja na elfu tatu zake. Tairi jipya limesaidia kuliko TV.

Na kifurushi kikiisha, kinaisha. Wiki mbili zilizopita kiliisha, wakakaa na katuni za kwenye flashi mpaka mama alipouza vizuri.

Mtoto ndiye aliyebadilika kabisa. Jioni anakaa mbele kama mwenye nyumba. Juzi alikuja mtoto wa yule jirani, kwao kioo kimepasuka, akasimama mlangoni anaona haya kuingia. Mama alikuwa anamenya karanga. Hakuinua hata kichwa. "Vua viatu, baba, pita ukae na mwenzio."

Kwa hiyo wewe unayepanga kununua, kabla hujaulizia inchi wala kitufe, jiulize kwanza jioni kwako kunakosekana nini. TV unainunua mara moja, lakini bando na kifurushi vitakudai kila mwezi, na kuna vitu haviuzwi dukani kabisa. Nyumbani kwako ingekuwa ipi?