Punda Wetu wa Tukuyu

Hapa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, farasi ni mnyama wa kusikiwa tu; sisi twampanda punda, naye ni mwepesi wa miguu na mwingi wa ukaidi. Mvua za huku ni nyingi mno, na manyoya ya punda hayakingi maji kama ya farasi. Basi tulimjengea kibanda cha mabati, pakavu, kwani matope huozesha kwato.

Siku moja, tukitoka sokoni, aligoma mteremkoni. Tulimchapa fimbo mbili. Tuliposhuka tukaona kokoto imemkwama katika ukwato wa mbele. Tuliona haya sana mbele ya mwanafunzi wetu tuliyefuatana naye. Sasa hatumpandi kabla ya kumkagua miguu, na mwanafunzi yule ndiye atushikiaye taa.