"Sehemu wa Pili": Kosa, Pambizo na Ukusanyaji wa Vitabu vya Sheria ya Kirumi

Mkusanyaji wa vitabu vikongwe vya sheria ya Kirumi anapokabidhiwa nakala ya Corpus Iuris Civilis iliyopigwa chapa na akina Elzevir mjini Amsterdam mwaka 1664, haanzi kwa kuisoma. Huanza kwa kutafuta kosa. Mahali fulani mpanga herufi aliweka pars secundus pale palipostahili pars secunda. Nomino pars katika Kilatini ni ya jinsia ya kike, na kivumishi hakina budi kuifuata. Ni sawa na mtu kuandika "sehemu wa pili" badala ya "sehemu ya pili". Mwalimu wa sarufi angelipigia kosa hilo mstari mwekundu. Mkusanyaji, kinyume chake, asipoliona huvunjika moyo, kwa maana kosa ndilo linalomthibitishia kwamba ameipata nakala inayosakwa.

Ni rahisi kumcheka mtu wa namna hii. Hata hivyo, upatanisho huu wa kisarufi uliokwenda kombo unazua swali ambalo wapenzi wa vitabu hivi hulikwepa: kinachokusanywa hasa ni sheria, au ni karatasi na ngozi iliyoijalidi?

Historia ya sheria yenyewe haitoi jibu jepesi. Digesta, iliyo sehemu kubwa kuliko zote za Corpus, ni zao la ukusanyaji. Mnamo Desemba 530 mfalme Justinian alimwagiza Tribonian na wenzake wazipitie kazi za wanasheria wa kale. Kwa maelezo ya mfalme mwenyewe, vitabu vilikaribia 2,000, vyenye mistari milioni 3, navyo vikachujwa hadi mistari 150,000. Desemba 533 kazi ya vitabu 50 ilikuwa tayari imetangazwa. Karibu yote yaliyoachwa nje ya chujio hilo yalipotea. Justinian aliongeza makatazo mawili: pasiandikwe sharhi juu ya matini hiyo, wala wanakili wasitumie vifupisho. Hakuna lililotiiwa. Katika karne ya 13 Accursius wa Bologna alikusanya maelezo yapatayo 96,000, na chapa kubwa za karne ya 15 na ya 16 huyapanga kuizunguka matini pande zote, tena kwa vifupisho vinavyomtoa jasho msomaji wa leo. (Aliyewahi kufungua kitabu cha fikihi chenye matini na hashia katika ukurasa mmoja hatashangazwa na sura hiyo.) Hivyo kila anayenunua chapa ya namna hii hununua pia ushahidi wa uasi dhidi ya mtunga sheria.

Mfano wa Verona ni mzito zaidi. Mwaka 1816 Niebuhr alitambua, katika maktaba ya kanisa kuu la mji huo, ngozi zilizokuwa na barua za Mtakatifu Jerome, na chini yake maandishi hafifu yaliyofutwa. Yalikuwa Institutiones za Gaius, kazi ya karne ya 2 ambayo wataalamu waliijua kwa vipande tu. Mnakili aliyeifuta hakuwa na chuki na sheria ya Kirumi, alihitaji ngozi. Wasomi wa karne ya 19, kwa upande wao, walihitaji maneno, wakazipaka ngozi hizo dawa ili maandishi ya chini yajitokeze. Yalijitokeza, yakasomwa, na chapa ya kwanza ikatoka mwaka 1820; lakini dawa hizo ziliziharibu baadhi ya kurasa kiasi kwamba waliofuata waliona pungufu kuliko waliotangulia. Hapo matini iliokolewa kwa kukidhuru kitabu. Mkusanyaji hufanya kinyume chake: hukihifadhi kitabu, na mara nyingi matini hubaki bila kusomwa. Ni vigumu kusema kwa yakini ni nani kati yao aliye na deni kubwa zaidi.

Huko Ujerumani sheria ya Pandekta ilikoma kutumika Januari 1, 1900, kanuni mpya ya sheria za kiraia ilipoanza, na shehena za vitabu zikawa vikongwe kwa siku moja. Afrika Kusini mambo ni tofauti. Sharhi ya Johannes Voet juu ya Pandekta, iliyotoka katika majuzuu mawili mwaka 1698 na 1704, bado hunukuliwa mahakamani, ingawa sharti la Kilatini kwa mawakili liliondolewa huko katika miaka ya 1990. Voet aliyefungiwa kabatini kwa hiyo si maiti, japo wanaoweza kuongea naye kwa lugha yake wanapungua.

Huenda ndiyo sababu wakusanyaji walio wasomaji hupendelea nakala ambazo wengine huziita chafu, zile ambazo mwanafunzi wa karne ya 17 alijaza pambizo zake kwa kalamu, akibishana na mwalimu wake kuhusu mkataba au urithi. Aghalabu mjalidi wa baadaye alizipunguza kingo za kurasa ili zilingane. Kisu chake kilipitia katikati ya maneno, na hoja ya mwanafunzi huyo inakatika kabla ya kitenzi.