Chawa Mwenye Watoto Wengi

Kama umewahi kufuga samaki kwenye tangi la kioo, huenda umekwishaliona hili: asubuhi unawasha taa, unamkuta samaki ana punje nyeupe mwili mzima, utadhani kuna mtu kamnyunyizia chumvi. Si chumvi. Kila punje ni kiumbe hai kinachokula pale kilipo.

Mimi nilikutana nacho Julai 2023, saluni kwa mjomba, hapa Dar. Mjomba ana tangi la lita 60 ambalo wateja hulitazama wakisubiri zamu ya kunyolewa. Alikuwa na goldifishi sita (hata hao walikuwa wamebanana kama abiria wa daladala), akanunua wa saba, akammimina humo humo pamoja na maji aliyokuja nayo. Siku chache baadaye punje zikaanza kwa yule mgeni, kisha zikaenea.

Sasa, saluni ni bunge. Mmoja akasema ukungu. Mwingine akasema klorini ya bomba. Mzee mmoja akashauri wamwagwe wote, tangi lioshwe kwa dawa ya madoa, mambo yaishe. Mjomba alikaribia kukubali. Tatizo ni kwamba binti yake wa miaka minane alikuwa amekwishampa kila samaki jina, na alikuwa amesimama pale pale anasikiliza.

Nikaomba niwatazame kwanza. Maana si kila punje nyeupe ni ugonjwa. Goldifishi dume akiwa tayari kuzaliana huota vipele vyeupe, lakini hivyo hukaa kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, basi. Hawa wa mjomba walikuwa na punje ovyo ovyo, mkiani, mgongoni, hadi karibu na jicho. Walijikunja mapezi, wakajikwaruza kwenye kokoto kama mtu anayewashwa mgongo, na walihema haraka haraka. Huko kuhema ndiko kulikonitisha. Vimelea hawa huingia kwenye matamvua pia, na samaki anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla hujaona punje hata moja.

Jina la kitaalamu ni *Ichthyophthirius multifiliis*. Mfaransa Fouquet ndiye aliyempa mwaka 1876, na ukilifasiri unapata "chawa wa samaki mwenye watoto wengi". Chawa si chawa, ni kiumbe cha seli moja, lakini hilo la watoto wengi, bwana wee, ni kweli tupu. Ile punje imejificha chini ya ngozi ya samaki, inakula, inanenepa. Ikishiba inatoboa, inaanguka chini, inajifunika ganda kwenye kokoto. Humo ndani inajigawa, mbili, nne, nane, hadi mamia. Ganda linapasuka, watoto wanatoka wanaogelea kutafuta samaki. Wasipompata kwa siku mbili hivi, wanakufa.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Akiwa chini ya ngozi, dawa ya majini haimfikii. Akiwa ndani ya ganda, haimfikii. Anauawa akiwa mtoto, akiogelea, wakati huwezi kumwona kwa macho. Kwa hiyo unatibu maji yanayoonekana safi, na kile kinachokuudhi macho unakiacha kwanza.

Hita hatukuwa nayo, kwa hiyo sikuweza kupandisha joto mpaka nyuzi 30 kama wengi wanavyofanya. Nilitumia chumvi ya kawaida, gramu 3 kwa lita, yaani gramu 180, nikaiyeyusha kwenye jagi na kuitia kidogo kidogo kwa siku mbili. Kila siku nilinyonya kwa mpira lita 15 kutoka chini kwenye kokoto, maganda yatoke na uchafu, nikarudisha maji ya bomba yaliyolala usiku mzima, na gramu 45 za chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke huongezi chumvi, chumvi hairuki. Pampu ya hewa ilinguruma mchana na usiku, na siku umeme ulipokatika binti wa mjomba alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, saa nzima, hadi mkono ukamuuma.

Yule mgeni alikufa siku ya tatu. Siku ya tano, samaki wote waliobaki walikuwa safi. Hakuna punje!

"Wamepona," mjomba akasema. "Toa chumvi, weka maji mazuri."

"Bado, mjomba. Leo ndio wako wengi zaidi."

"Wako wapi? Mbona siwaoni?"

"Wako chini, wanazaa."

Akanitazama kama ninayemwambia habari za majini wa Tanga. Wateja wakacheka. Lakini mapunje yalikuwa yameanguka, hayakufa, na kwa maji ya nyuzi 24 hivi mzunguko mzima huchukua takriban wiki. Tuliendelea. Siku ya nane punje zikarudi kwa samaki wawili, chache mno kuliko mwanzo, na mmoja wao, yule mdogo kabisa, hakustahimili. Mjomba hakusema kitu. Ila kuanzia hapo yeye mwenyewe ndiye aliyepima chumvi, kwa mizani ya duka la jirani. Tuliacha wiki mbili baada ya punje ya mwisho.

Wakabaki watano. Septemba mjomba akanunua mwingine. Huyo alikaa wiki tatu peke yake kwenye beseni kubwa la bluu nyuma ya saluni, na kipampu chake, na wateja wakawa wanauliza kafungwa kwa kosa gani.